Safari ya Shelui kwa Baiskeli

Tangu tuliporudi kutoka Shelui, wanafunzi wengi wameniuliza jinsi nilivyopungua mwili, na wazazi kadhaa wameniuliza fedha zilizokusanywa zimefanya kazi gani. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niyajibu maswali yote mawili pamoja. Nimekubali kwa furaha, maana kwa kweli maswali hayo yana jibu moja.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, mtu wa miaka 51. Mwezi wa Januari 2024 uzito wangu ulikuwa kilo 108, na urefu wangu ni meta 1.70. Mwanafunzi yeyote aweza kuifanya hesabu yake: uzidishe urefu kwa urefu, kisha ugawanye kilo kwa jibu ulilopata. Ikitokea 25 au zaidi, uzito umezidi; ikifika 30, ni unene uliopita kiasi. Mimi nilipata 37. Shinikizo la damu lilikuwa 160 juu ya 100. Marehemu baba yangu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 54, akaishi miaka sita bila kuweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Kwa hiyo tarakimu hizo hazikuwa jambo geni kwangu.

Daktari alikuwa amekwisha kunishauri. Aliniambia kuwa mtu mzima anahitaji dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, nazo zaweza kugawanywa apendavyo mwenyewe. Serikali nayo imelisema jambo hili mara nyingi. Mwaka 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Walakini afya ya mtu peke yake ni kama bwana mpole. Asubuhi yenye baridi na upepo wa Singida ukimwambia, "Tuonane kesho," hakatai.

Aliyebadilisha mambo ni kijana mmoja wa Kidato cha Tatu. Asubuhi moja ya Februari nilikuwa nimeazima baiskeli ya jirani, nikipanda kilima kidogo nje ya mji huku nikihema. Kijana huyo akanipita, amembeba dada yake wa Kidato cha Kwanza kwenye keria, na mbele ameegemeza mkoba wa vitabu. Wote wawili wakasema, "Shikamoo, Mwalimu," nami sikuwa na pumzi ya kuitikia. Baadaye nilimwita ofisini ili niitikie salamu yake. Ndipo nikafahamu kuwa hutoka kilometa 11 kila siku, na siku akiugua yeye, dada yake hutembea kwa miguu njia yote.

Tulipohesabu tuliona wako wanafunzi 36 shuleni kwetu wanaotembea zaidi ya kilometa 8 kuja, na nyingine kama hizo kurudi. Mtoto wa namna hii huondoka nyumbani kungali giza, na saa sita mchana husinzia, si kwa uvivu bali kwa uchovu. Wasichana, zaidi ya hayo, hupita penye vichaka peke yao.

Katika mkutano wa walimu na wazazi nilitoa shauri kwamba tufanye safari ya baiskeli ya hisani. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na tangu hapo kutembea kwa ajili ya jambo kubwa kumekuwa desturi ya Watanzania. Mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianzisha safari ya kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI, ambayo wengine huupanda Mlima Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli. Sisi tulichagua njia yetu wenyewe: kutoka Singida mjini hadi Shelui kilometa 110, kulala huko, na kurudi kesho yake. Jumla kilometa 220.

Tulijitokeza watu saba, na kila mmoja alipewa daftari. Mwenye kupenda kuchangia aliandika jina lake na kiasi atakachotoa kwa kila kilometa. Katika daftari langu waliandika watu 61. Wako walioandika shilingi 500. Yuko mama mmoja muuza vitunguu sokoni aliyeandika shilingi 20. Siku hiyo niliona ni kidogo, lakini nilipopiga hesabu nikaona ni shilingi 4,400, na kwa mtu anayeuza vitunguu kwa mafungu hizo si fedha za kuchezea. Tangu hapo kila nilipopita sokoni aliniuliza, "Mwalimu, leo umefika wapi?" Swali hilo lilikuwa na nguvu kuliko vidonge. Nikilala asubuhi, nitamjibu nini?

Nilimwona daktari kwanza, akanipima moyo na kuniruhusu, kwa sharti kwamba nianze polepole na nisiache dawa. Mwezi wa kwanza niliendesha nusu saa, siku tano kwa wiki, kando ya Ziwa Singidani. Mwezi wa tatu nilifika kilometa 25 kwa mara moja. Mwezi wa sita nilikwenda Iguguno na kurudi. Fundi baiskeli alinifundisha kupandisha siti hata kisigino kikikaa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kabla ya hapo magoti yalikuwa yakiuma kila jioni. Alinifundisha pia kuziba pancha, maana miba ya migunga ya kwetu haina heshima kwa mwalimu wala mwanafunzi.

Upepo nao ni mwalimu. Wakati wa kiangazi huku kwetu huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki karibu kila siku. Kwenda Iguguno unakusukuma mgongoni, nawe unajiona shujaa. Ukigeuza baiskeli ndipo unapojua kazi yote ulikuwa ukifanyiwa.

Kwa habari ya chakula, nataka wanafunzi wangu wafahamu vizuri. Baiskeli peke yake haikuniondolea kilo nyingi, kwa sababu mazoezi huleta njaa. Gramu moja ya wanga humpa mtu kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta kilokalori 9, yaani zaidi ya mara mbili. Sisi watu wa Singida tunajivunia mafuta ya alizeti, na ni haki yetu. Lakini hata mafuta mazuri ni mafuta. Mke wangu akaanza kuyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka chupani. Soda ikaondoka mezani, sukari katika chai ikapungua hadi ikaisha, na chipsi mayai zikawa chakula cha sikukuu. Ugali wa uwele ulibaki, pamoja na mlenda na maharage, ila kiasi chake kilipungua na mboga zikaongezeka. Kila wiki nilipungua nusu kilo hivi. Wiki nyingine sikupungua kitu, nami niliandika hivyo hivyo katika daftari.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Septemba 2024, tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tumevaa vizibao vya kung'aa, mmoja nyuma ya mwenzake, na gari la mzazi mmoja likitufuata limewasha taa. Hiyo ni barabara ya malori yaendayo Mwanza na Rwanda, na hapana mzaha juu yake. Tulipita Iguguno, tukapumzika Misigiri, kisha tukateremka Mlima Sekenke tukishika breki mpaka vidole vikafa ganzi. Saa nane mchana tulikuwa Shelui.

Lakini aliyeteremka Sekenke hana budi kuupanda. Jumapili asubuhi tuliuanza mlima ule kungali baridi. Vijana walibaki juu ya baiskeli. Mimi nilifika kwenye kona moja kali, moyo ukinipiga masikioni, nikakumbuka maneno ya daktari, nikashuka na kusukuma. Lori lililopakia mifuko ya saruji lilikuwa likipanda kwa mwendo ule ule wangu, na utingo wake akachungulia akasema, "Mzee, hata sisi tunasukuma." Kusukuma nako ni mwendo, na kilometa haiulizi imepitwa kwa namna gani. Kutoka Misigiri hadi nyumbani upepo ulitupiga usoni saa zote. Tulizungumza machache. Saa kumi na mbili jioni tuliingia mjini, wote saba.

Sasa hesabu. Ahadi katika daftari langu zilikuwa shilingi 9,500 kwa kila kilometa, na kwa kilometa 220 ni shilingi 2,090,000. Watu wote 61 walilipa. Baiskeli moja tuliipata kwa shilingi 230,000, hivyo tulinunua baiskeli 9 kwa shilingi 2,070,000, na shilingi 20,000 zilizobaki zilinunua solusheni na viraka. Madaftari ya wenzangu sita yalileta baiskeli nyingine 13. Jumla ni 22. Risiti zote ziko ofisini, na mzazi yeyote anakaribishwa kuzitazama.

Mwili wangu nao una hesabu yake. Nilipopimwa baada ya safari nilikuwa na kilo 93. Shinikizo la damu lilikuwa 136 juu ya 84. Daktari alifurahi, lakini hakuniondolea dawa, na hesabu ile niliyowaeleza bado inatoa 32. Yaani kilo 15 zimeondoka, na kazi haijaisha.

Nawaasa vijana msingoje kilo 108 ndipo mjifunze hesabu hii. Na wazazi wenzangu wa rika langu nawaomba jambo moja: ukishindwa kuamka kwa ajili yako mwenyewe, tafuta mtu wa kumwamkia. Ni rahisi kujivunjia ahadi mwenyewe kuliko kumvunjia mama wa vitunguu.

Wanafunzi 14 wangali wanatembea. Madaftari ya safari ijayo yako kwa katibu wa shule, na kurasa zake bado ni nyeupe.