Ukucha wa Mkimbiaji

Ukucha ni sehemu ndogo ya mwili, lakini maumivu yake huweza kumkalisha mtu mzima kitako. Aanzaye kukimbia katika njia za Mazingara, upande wa Handeni, hudhani adui yake ni pumzi. Pumzi huzoea, kidole hakizoei kugongwa. Afikapo mteremkoni, mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, na kila hatua huusukuma ukucha, mpaka damu ikavilia chini yake, ukawa mweusi. Hapo huacha mbio, wala si kwa kukosa moyo.

Kinga yake si ghali. Kucha zikatwe fupi, zinyooke, pembe zisichimbwe. Kiatu kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana mguu huvimba kwa mwendo. Kamba zikazwe ili kisigino kitulie. Soksi ziwe kavu, na masafa yaongezwe kidogo kidogo.

Abebe Bikila wa Ethiopia, viatu vipya vilipomwumiza, alikimbia marathoni ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu, akashinda. Tokyo, mwaka 1964, alivaa viatu, akashinda tena. Hakukataa kiatu, alikataa kiatu kisichomfaa. Asiyeusikiliza mguu wake njiani atausikiliza kitandani.