Pindo la Mfarishi

Zama zile, kabla magodoro ya sponji hayajaenea Mwanza na kabla blanketi za mtumba hazijatundikwa katika soko la Mlango Mmoja, baridi ya usiku wa kipupwe tuliikinga kwa mfarishi, ambao marehemu mama aliuunga kwa viraka vya khanga na vitenge vilivyochakaa, akautia pamba katikati, kisha akauzungushia pindo. Nami, niliyekuwa mshika taa wake, niliona kwamba kuunga viraka ni jambo sahali kwa yeyote mwenye subira, bali kuumaliza mfarishi hata ukadumu aushi ni ustadi wa peke yake.

Pamba ilikuwa ya shambani kwetu. Usukuma yote ililima mbegu zilizozalishwa katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation, ambayo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vikanunua mavuno, na hata timu ya mpira ya mji ikaitwa Pamba. Mkulima alitenga safi na fifi: safi ni ile nyeupe, na fifi ni ile iliyotiwa madoa ya manjano na wadudu, ambayo bei yake ilikuwa hafifu. Fifi ile mama hakuiuza yote. Aliichambua kwa vidole, akichunguza kila bonge, maana kipande cha mbegu kikisalia ndani hutoa mafuta, na mafuta hayo hupenya hadi juu yakaacha doa lisilokubali sabuni. Kisha akaianika mkekani, akaichapa kwa fimbo mbili nyembamba hata ikafura, akaitandaza juu ya marikani, akalaza viraka juu yake, akapiga bandi kuanzia katikati kwenda ukingoni ili mikunjo isukumwe nje.

Sufi aliitumia kwenye mito tu. Ni nyepesi na haipendi maji, lakini nyuzi zake hazishikani, na kwa kulaliwa sana huvunjika zikawa vumbi. Pamba nayo ina masharti yake, kwani usipoipitishia mishono iliyokaribiana, huhama siku ya kufuliwa, ikajikusanya mabonge mabonge pembeni na katikati pakabaki patupu. Jirani yetu, mama wa Kihindi ambaye wazee wake walitoka Kachi, hakutia pamba kabisa. Alipanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka, akazishona kwa mkono toka ukingo hadi ukingo.

“Dada, wangu utakauka kwa jua la asubuhi moja,” alimwambia mama.

“Kweli, dada, lakini Juni utakuja kuniazima wangu.”

Na Juni alikuja.

Hapo mwanzo pindo la mama lilikuwa marikani ile ile ya chini, iliyokatwa kubwa kuliko viraka, ikakunjwa mara mbili kuja usoni na kushonwa. Halikuwa na gharama, ila lina aibu moja: ukingo ndio unaosuguliwa na miguu, na kidevu, na kamba ya kuanikia, na marikani ikichanika hapo huwa umechanika mgongo wa mfarishi wenyewe. Kiwanda cha Mwatex kilipoanza kufuma, mwishoni mwa miaka ya 1960, vipande vya kitenge kipya vikapatikana, naye akahamia kwenye utepe. Alikata mikanda ya upana wa vidole vitatu, akaiunga kwa mshazari ili unene usikutane mahali pamoja, akaikunja kwa urefu iwe mara mbili, akaishona usoni kwa cherehani, akaipindua nyuma na kuimalizia kwa sindano ya mkono. Alipokaribia kona alisimamisha mshono upana wa pindo kabla ya mwisho, akaukunja utepe kwenda juu, akaurudisha chini sambamba na upande wa pili. Kona ikatoka na ncha, bila kibonge. Utepe uliokatwa mshazari wote aliuweka kwa mifarishi ya watoto yenye kona za mviringo, kwa kuwa hunyumbulika. Kwenye ukingo ulionyooka aliuona kuwa ni kupoteza kitambaa.

Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, ikafuata miaka ya maduka matupu, kisha mitumba, na pamoja nayo maduveti yaliyojazwa poliesta. Sina ugomvi na poliesta: haihitaji mishono ya karibu, hukauka upesi, wala haina mbegu, lakini hutia joto lisilopumua, na pasi ya moto huiyeyusha. Ninaloona ajabu ni kwamba pamba yetu nyingi huondoka nchini ikiwa marobota, nasi tunajifunika nyuzi za kiwandani zilizotoka ng'ambo.

Basi wewe unayetaka kushona, tia pamba ukiipata, na kwanza ufue marikani na viraka ili visije vikasinyaa juu ya kazi iliyokamilika. Utepe uwe mara mbili, nao ukichakaa uufumue peke yake na kutia mwingine. Mfarishi wa mama umekwisha badilishwa utepe mara kadhaa, na sasa unawafunika wajukuu zangu.