Yangeyange Hana Weupe Pekee

Washairi wetu wamezoea kumwita yangeyange pale wanapohitaji mfano wa weupe. Ubeti ukiisha, humwacha aende zake. Hivi karibuni kijana mmoja alinisomea shairi lake, mizani na vina vimetimia, mpenzi akifananishwa na yangeyange. Nilimuuliza, mdomo wake una rangi gani? Akanyamaza. Hajapata kumwona.

Na amwone wapi, ikiwa mikoko ya kwao imekatwa?

Nazungumzia yangeyange wa maji, si yule afuataye ng'ombe, mwenye shingo fupi na mdomo wa manjano, ingawa wengi wetu huwapa wote jina moja. Huyu wa maji ni mwembamba, urefu wake yapata sentimita 60. Mdomo ni mweusi, miguu ni myeusi, ila vidole ni vya manjano. Maji yakupwapo, hutembea polepole kwenye vidimbwi, akitikisa mguu mmoja ndani ya tope hadi visamaki na kamba vitoke mafichoni. Mara hukimbia, mbawa wazi, akageuka ghafla na kudonoa. Msimu wa kuzaa, manyoya marefu laini humwota kisogoni, kifuani na mgongoni.

Kizuri chajiuza, walinena wahenga. Yeye hakujiuza, aliuzwa. Mwishoni mwa karne ya 19 manyoya hayo yalipamba kofia za mabibi wa Ulaya na Marekani, na ndege waliuawa wakiwa viotani, makinda yakafa njaa. Hasira hiyo ndiyo iliyowasukuma wanawake wa Uingereza kuunda chama cha kuwalinda ndege mwaka 1889.

Basi sifa ya weupe si neno jepesi. Tena katika pwani yetu ya Afrika Mashariki wako wa jamii yake walio na rangi ya kijivu iliyokoza, koo tu likiwa jeupe, nao huishi pamoja na weupe. Mshairi aliyefungwa na weupe atawapitia bila kuwatambua.

Nilimwambia kijana asilifute shairi. Aende kwanza penye mikoko iliyosalia, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, atazame vidole vile vya manjano. Tashibihi isiyo na kiumbe nyuma yake ni ganda tupu, na siku ndege atakapotoweka, hata jina lake tamu litabaki sauti tu.