Molekuli inayojua "kama" na "basi"

Leo naweka kando hifadhidata na programu tuongee habari za maji. Msiondoke, maana mtaona bado niko palepale kwenye tarakilishi.

Kule Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kuinasa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa. Zebaki ikishayeyuka majini haina rangi wala ladha, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 6 kwa lita. Piga hesabu: malori 100 ya maji, kila moja lita 10,000, na ndani yake yote gramu 6 tu! Mashine za maabara huiona, ila ni ghali na mto uko mbali nazo.

Kwa hiyo wanakemia wameunda molekuli zinazong'aa. Umeona noti inavyong'aa chini ya taa ya zambarau ya keshia? Ni jambo lilo hilo. Molekuli ina sehemu mbili: moja hunasa metali, nyingine hutoa mwanga. Mtego ukiwa mtupu, elektroni yake huruka na kuuzima mwanga. Metali ikinaswa, elektroni hushikiliwa na mwanga huwaka. Kama metali ipo, basi waka. Si ndiyo kazi yetu ya kila siku hiyo?

Wala si mzaha wangu. Mwaka 1993, A. Prasanna de Silva na wenzake wa Belfast walichapisha molekuli iliyong'aa pale tu ioni za haidrojeni NA za sodiamu zilipokuwepo pamoja. Lango la mantiki ndani ya chupa!

Sasa mdudu wa programu yuko hapa. Zebaki kwa kawaida huuzima mng'aro, na vipimo vingine hutegemea kuzimika huko. Lakini giza lina sababu nyingi: tope limeziba mwanga, dawa imechakaa, taa imeisha betri. Ndiyo maana napenda zaidi vile vinavyowaka, kama vya rodamini iliyofungwa, ambayo haina rangi mpaka metali iifungue ndipo igeuke waridi na kung'aa.

Hata hivyo, kipimo cha kuwaka kikinyamaza, je, maji ni safi au kipimo kimekufa? Dawa yake tunaijua sisi waandishi wa programu: lijaribu jaribio lenyewe. Chukua chupa ya pili ya maji yaleyale, mtaalamu atie zebaki ya kiasi kinachojulikana. Ya pili ikiwaka na ya kwanza isiwake, hapo umepata jibu.

Na jibu hilo ni la zebaki peke yake. Risasi, floridi na vijidudu vya kipindupindu havijaulizwa bado. Mama anayejaza mtungi mtoni aambiwe hivyo waziwazi, kabla hajaonyeshwa taa yoyote.