Genkuru: Saa ya kukimbiza na saa ya kuiacha ipite

Genkuru iko mkoani Mara, katika ukanda wa Tarime na Serengeti, nchi ya wakulima na wafugaji. Ikweta haiko mbali, hivyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile. Hesabu yetu ya saa inatokana na mwendo huo: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, si ya usiku wa manane.

Katika maisha ya namna hii kila kazi ina wakati wake. Ng'ombe hukamuliwa kabla ya kwenda malishoni. Ulezi huvunwa ukikomaa, na hakuna mkulima aliyewahi kuufokea shambani ili ukomae Jumanne badala ya Ijumaa.

Upande wa pili wa ukanda huu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Mvua na majani ndivyo vinavyowaongoza. Watalii waliolipa fedha nyingi hukaa saa kadhaa ukingoni wakisubiri, na kundi huweza kufika majini, likasita, likarudi lilikotoka.

Nyumbani hatuna subira hiyo. Chakula lazima kiwe tayari saa moja kamili jioni. Mtoto wa miaka mitatu lazima avae viatu kwa dakika mbili. Vyombo lazima vioshwe kabla ya kulala. Ukiuliza nani aliyeweka sheria hizo, hapatikani. Mzazi amejiwekea mwenyewe, kisha anamgombeza mtoto kwa kuzivunja.

Presha hiyo huonekana zaidi kwenye ukuaji. Wa jirani ametembea akiwa na miezi kumi, wa kwako ana kumi na mitatu bado anashikilia kiti, na usingizi unapotea. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na 17 na nusu hivi. Huo ni muda mpana. Ndani yake hakuna aliyeshinda wala aliyechelewa.

Kula nako ni vivyo hivyo. Mtoto anayejifunza kula hutafuna taratibu, hugeuka kumwangalia kuku, kisha hurudi kwenye kijiko. Wataalamu wa lishe hushauri alishwe kwa uvumilivu, akihimizwa bila kulazimishwa. Ukimshindilia ili umalize haraka, atakiogopa chakula.

Lakini tusidanganyane: zipo saa ambazo hazisubiri. Chanjo zina tarehe zake: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela akiwa na miezi 9 na miezi 18. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mjamzito akianza kutokwa damu, vilevile. Kwa familia iliyo mbali na kituo cha afya, nauli na usafiri vipangwe mapema, kwa sababu hapo haraka ndiyo yenye baraka.

Mzazi anayekimbizana na viatu, vyombo na mtoto wa jirani kutwa nzima huifikia jioni akiwa hoi. Mwili wa mtoto ukichemka usiku huo, anaweza kusema, "Tutaona kesho." Nguvu zote zimeishia kwenye saa zisizo na maana.

Leo jioni chagua sheria moja uliyojiwekea, uiache. Vyombo vilale. Kisha chukua kadi ya kliniki ya mtoto, uangalie tarehe inayofuata. Hiyo ndiyo ya kuwahi.