Nasaha kwa Mwanangu Anayesafiri Usiku na Kitoto

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ya kutoka Lamu imenifikia hapa Mombasa, na ndani yake nimeona mambo mawili: furaha ya kumfuata mumeo London, na hofu ya usiku ule mmoja utakaokuwa angani baina ya Nairobi na huko, peke yako na mtoto wa miezi 7, pasi na mama wala wifi wa kumwambia, "Hebu nishikie huyu." Furaha sina la kuizidishia. Hofu ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika, kwa kuwa nakujua tangu udogo wako kuwa ni mtu wa haya, usiyependa kumtaabisha mtu hata kwa kuomba maji ya kunywa. Na haya hiyo, ambayo majumbani mwa watu ni pambo lako, ndani ya ndege haitakufaa kitu. Usiku huo uombe, na uombe mapema.

Kuomba kwenyewe kuanze kabla ya safari. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hupakatwa, na nauli yake katika safari za nje aghalabu ni sehemu 1 kwa 10 ya nauli ya mtu mzima, kiti hana. Lakini katika ndege kubwa za masafa kuna susu, kitanda kidogo kipachikwacho ukutani mbele ya safu ya kwanza, nazo ni chache, na hupewa aliyetangulia kuomba wala si aliyezidi dhiki. Basi wapigie shirika simu siku ile ile ya kukata tiketi, uwaulize uzito wanaoukubali, maana kila shirika lina kipimo chake na mengi hukomea kilo 10 au 11, kisha uwakumbushe unapokabidhi mizigo. Ujue vilevile kwamba safu hiyo haina kiti mbele yake, kwa hiyo huna pa kusukumia mkoba, na wakati wa kupaa na kutua kila kitu hupandishwa juu. Nepi moja na kitambaa viwe mfukoni mwa nguo uliyovaa. Na pindi ndege ikitikiswa na hewa, hata ikiwa ni saa nane za usiku na mtoto ndio kwanza amelala, utaambiwa umtoe susuni umpakate. Usimnunie mhudumu, ametumwa.

Karatasi nazo zisikughafilishe. Mtoto awe na pasipoti yake na viza yake, na pamoja nazo uchukue cheti chake cha kuzaliwa na barua ya idhini ya baba yake iliyogongwa muhuri wa wakili. Sisi wa pwani mwanamke haliachi jina la babake kwa kuolewa, na mtoto hufuata jina la babake yeye, hata pasipoti zenu mbili zikiwekwa mezani hazitaonyesha kuwa nyinyi ni mama na mwana. Ofisa akikuuliza huyu ni nani wako, asikukere. Kuna watoto wanaovushwa mipaka kwa siri na wazazi wao wenyewe, naye ndiye aliyewekwa kuwalinda.

Jambo linalowatisha zaidi akina mama ni masikio, nalo lina sababu iliyo wazi. Nyuma ya kiwambo cha sikio mna hewa, na hewa hiyo hupata njia kwa mrija mwembamba ushukao hadi nyuma ya koo. Ndege inapopanda, hewa ya ndani hutanuka ikatoka yenyewe bila taabu kubwa. Lakini inaposhuka, hewa ya nje huzidi nguvu na kukisukuma kiwambo ndani, na mrija wa mtoto, ambao ni mwembamba kuliko wetu, hukwama kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua za masika. Kumeza ndiko kunakoufungua. Kwa hiyo usifikirie kupaa tu, bali uiweke akiba shibe yake kwa ajili ya kushuka, ambako huanza nusu saa na pengine zaidi kabla ya magurudumu kugusa ardhi, ilhali abiria wengi bado wamelala; hapo mwamshe, umnyonyeshe. Akiwa na mafua makali au sikio limemuuma siku zilizotangulia, mpeleke kwa daktari kabla hujaondoka. Wala kunyonyesha kusikutie soni mbele za watu, maana kanga moja inakusitiri, na nyingine itakuwa shuka na taulo. Ikiwa unamchanganya na maziwa ya kopo, maziwa ya mtoto hayamo katika sheria ile ya mililita 100 iliyowekwa mwaka 2006, ila yatakaguliwa. Na maji ya kukorogea omba ya chupa iliyozibwa, si ya tangi la ndege.

Najua pia kuna watakaokushauri, na wengine ni watu wetu wa nyumbani wenye nia njema, kwamba umpe kijiko cha piritoni alale mpaka asubuhi. Mwanangu, katika barua hii yote hapa ndipo ninapokataza badala ya kushauri. Dawa ile haikutengenezwa kuwalaza watoto. Wako wanaoipata wakachangamka badala ya kusinzia, na ikizidi kipimo yaweza kulemaza pumzi ya kiumbe mdogo kama yule, nawe uko angani, mbali na hospitali. Heri alie.

Na atalia. Mwaka 2019 magazeti yalieleza habari za mama mmoja aliyetoka Seoul kwenda San Francisco na mtoto wa miezi 4, akagawa vifuko zaidi ya 200 vya peremende na vizibo vya masikio, pamoja na kikaratasi cha kuomba radhi mapema. Wengi walimsifu. Mimi nilimhurumia, kwa sababu niliona amejitwika deni asilokopa. Kilio cha mtoto si utovu wa adabu, na kila aliyemo ndani ya ndege ile aliwahi kukililia kifua cha mama yake. Atakayekukazia macho, mwitikie kwa salamu. Aghalabu salamu humwaibisha mtu akageuza uso. Wewe simama, tembea naye kwenye njia ya katikati, mwimbie kwa sauti ya chini ukipenda.

Hili la mwisho la kuomba ndilo utakaloliona gumu: utataka kwenda msalani. Meza ya kubadilishia nepi imo humo, hukunjuliwa ukutani, ila nafasi ni finyu mno kwa wewe kujisaidia na mtoto mkononi. Mhudumu halazimiki kukushikia, ingawa wengi hukubali wakiwa hawana kazi. Na katika ndege za njia hiyo hukosi mama mtu mzima aendaye kuwatazama wajukuu. Mwamkie mapema, mkiwa bado mnangoja kupanda, mjuane. Utashangaa jinsi watu wanavyongoja kuombwa.

Kuna amri moja ya wahudumu ambayo moyo wa mama huikataa: vinyago vya oksijeni vikianguka, uvae chako kwanza. Uitii. Katika kimo cha futi 35,000 mtu asiye na oksijeni hubakiwa na chini ya dakika moja ya fahamu timamu, na ukizimia ukihangaika na cha mtoto, hakuna wa kumvika yeye.

Mkitua usikimbilie kusimama. Waache wenye haraka washuke, nawe ukusanye vyako. Kigari cha mtoto pengine utarudishiwa mlangoni mwa ndege, pengine kwenye mizigo, kwa hiyo mbeleko usiifungie begini. Saa za London ziko nyuma ya zetu, kwa saa 2 wakati wa kiangazi na 3 wakati wa baridi, hivyo mtoto ataamka alfajiri kwa siku kadhaa. Amka naye, na mchana ulale anapolala. Mumeo mpe salamu zangu, umwambie aje uwanjani na koti la mtoto mkononi, asiliache ndani ya gari.

Wasalaam,
Ni mimi shangazi yako