Penseli Juu ya Kifundo

Jumamosi, ikifika saa mbili na nusu asubuhi, mimi na watoto wakubwa watatu huwa tumekwisha kutoa madawati nje. Chumba chetu ni darasa la nne la shule moja ya msingi hapa Kibera: kuta za mabati, sakafu ya saruji, ubao wenye hesabu za kugawanya za jana yake. Tunafagia, tunanyunyiza maji ili vumbi litulie, halafu tunangoja sakafu ikauke kwa sababu saruji iliyolowa haina huruma na mtu aliyevaa soksi. Vioo hatuna. Bomba la kushikilia hatuna pia, kwa hiyo watoto hushika ukuta, na kila wiki nawakumbusha waushike kwa ncha za vidole, wasiuegemee kama abiria anayesubiri matatu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikifundisha baleti hapa. Watu hudhani kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuruka na kuzunguka. Ukweli ni kwamba muda mwingi nakataza.

Sakafu ndiyo iliyonifundisha kwanza. Ukumbi wa baleti wa kweli huwa na mbao zilizoinuliwa kidogo, chini zikaachiwa nafasi au zikawekewa mpira, ili mtu akitua zinyumbuke na kupokea sehemu ya uzito wake. Saruji haipokei kitu. Mruko wote unarudi kwenye muundi, goti na nyonga. Mwaka wa kwanza niliwarusha watoto nusu saa nzima, wao wakicheka na mimi nikifurahi kuwatazama. Kufikia Agosti wanne walikuwa wakijikanda miundi kila tukipumzika. Siku hizi tunaruka dakika tano za mwisho, na kuna Jumamosi haturuki kabisa. Muda uliobaki ni wa kukunja magoti polepole, kunyoosha wayo ukiwa unasugua sakafu, kuinuka kwenye vidole na kushuka bila kishindo. Mgeni akitutembelea siku kama hiyo, baada ya robo saa utamwona anatazama simu.

Na hata kukunja goti kuna vita vyake. Baleti inataka miguu ielekee nje, na mtoto akiambiwa hivyo hugeuza nyayo kama bata, goti likabaki limetazama mbele. Ukimwacha aendelee hivyo, goti litamdai akiwa na miaka ishirini. Mzunguko unatakiwa uanzie nyongani, na nyonga za watu hazifanani: wapo wanaofungua miguu kama mlango, wapo wasiofika nusu yake. Namwambia kila mmoja aishie pale nyonga yake inapoishia.

Ajabu ni kwamba majina ya Kifaransa ya miondoko hii hayajawahi kuwasumbua. Mfalme Louis XIV alipoanzisha chuo cha densi mjini Paris mwaka 1661 hakujua kwamba ipo siku mtoto wa miaka saba, kamasi zikimtoka, angeuliza: “Mwalimu, leo tunapiga plie ngapi?” Kinachowasumbua ni jinsi baleti inavyotaka mwili uvutwe juu. Wengi wamekuja na ngoma ya isukuti mabegani, wameicheza harusini na matangani, na katika isukuti mwili hautoroki ardhi. Sijawahi kuwaambia wayasahau mabega hayo. Mtoto aliyekulia penye ngoma huhesabu muziki kwa damu, na hilo linaniokolea mwaka mzima wa kufundisha.

Katika mwaka wangu wa tatu tuliletewa mfuko wa viatu vya ncha vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Ni vile viatu vya kusimamia ncha za vidole, ambavyo kila msichana huviota kabla hata hajajifunza kusimama wima. Watoto huapa kwamba mbele vimetiwa mbao au chuma. Mbele mna matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi, basi. Jasho na kazi vikiilainisha ile gundi, tunasema kiatu kimekufa, na kiatu kilichokufa hakimshiki mtu. Hayo yote niliyajua. Lakini palikuwa na msichana wa miaka kumi, mwepesi, ndiye aliyekuwa akija wa kwanza kufagia, akatoa jozi moja mfukoni ikamkaa sawasawa. Nikamwambia ajaribu, kidogo tu.

Jumamosi ya tatu alikuwa anashuka kutoka juu, kiatu kikajipinda, kifundo kikaenda upande. Tulipiga eksirei. Mfupa ulikuwa salama, kano zilikuwa zimevutika. Mama yake, anayeuza sukuma wiki kando ya reli, alikuja jioni ile ile akasimama mlangoni na aproni yake. Hakupaza sauti. “Mwalimu,” alisema, “mimi nilikuletea mtoto mzima.”

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Mfuko ule niliufunga. Ikabidi nijifunze upya kitu nilichodhani nakijua: miaka kumi ni mapema. Mifupa ya mguu ingali inakua, misuli ya kuishikilia haijakomaa. Sasa simsikilizi mtu kabla ya miaka kumi na mbili, na umri peke yake hautoshi. Mtoto ananiinukia mguu mmoja mara ishirini, goti limenyooka, kisigino hakiyumbi. Kisha anakaa chini, ananyoosha mguu hadi mwisho, nami nalaza penseli juu ya kifundo, pale wayo unapokutana na muundi. Ikilala sambamba na muundi bila kuugusa, mguu unakunjuka vya kutosha kumsimamisha wima. Ikikwama kwenye mfupa, bado. Penseli ni ile ile ya hesabu, na haina upendeleo.

Wazazi wengine hawapendi. Wamesikia habari za Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda aliyekwenda kusomea English National Ballet School mjini London mwaka 2017, na wananiuliza wa kwao ataondoka lini. Kioko alikuwa mmoja. Mimi nina watoto ishirini na sita, na wengi wao watabaki Nairobi wakiwa na migongo iliyonyooka na magoti yao.

Anayefaulu namnunulia viatu vipya, kwa mchango wa wazazi na nauli ninazookoa nikitembea. Vinakuja na rangi ya waridi iliyokisiwa kwa ngozi ya Ulaya, mguu na kiatu vionekane mstari mmoja. Arthur Mitchell alianzisha Dance Theatre of Harlem kule New York mwaka 1969, na wachezaji wake walikuja kuvaa soksi na viatu vya rangi ya miili yao. Freed ya London, pamoja na kundi la Ballet Black, ilitoa viatu vya kahawia mwaka 2018. Sisi tunachemsha majani chai mpaka sufuria iwe nyeusi, tunapaka kwa sifongo mara tatu, tukiepa ncha isilowe. Utepe tunaushona kwa uzi wa kusafishia meno. Uzi wa kawaida hukatika.

Yule msichana alirudi Januari iliyofuata, akacheza miaka miwili, viatu vile hakuvitaja tena. Sasa ninaye mdogo wake, miaka kumi na mbili na miezi minne, na miezi hiyo minne ameihesabu yeye. Wiki iliyopita alikaa sakafuni akanyoosha mguu. Mara ishirini alikuwa amezimaliza bila kutikisika. Nikalaza penseli. Ikakwama, safari hii kwa unene wa ukucha.

“Bado,” nikasema.

Akaichukua penseli mkononi mwangu akajipima mwenyewe, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akiukodolea macho kana kwamba nimemdanganya. Akanirudishia, akaenda kuwasaidia wenzake kuingiza madawati.